Mkataba wa mwaka mmoja na goti lililochanika: kisa cha beki wa League Two

Kuhusu kisa hiki

Mchezaji anayezungumziwa hapa alikuwa beki wa kulia wa klabu ya League Two, daraja la nne la soka ya Uingereza. Jina lake, vilabu vyake na miaka ya matukio vimeondolewa. Viwango vya malipo vimewekwa kwa namba za makadirio, na mambo machache yasiyogusa maamuzi yake yamebadilishwa ili asitambulike. Humu tutamwita Beki. Malipo yote ni kabla ya kodi.

Tumekichagua kisa hiki kwa sababu hakina mhalifu wala muujiza. Ni kijana aliyekuwa na uwezo wa kutosha kucheza kila wiki, akasaini karatasi ambayo ingempa faida mambo yakimwendea vizuri, kisha mambo yakaenda kombo ndani ya wiki saba mwishoni mwa msimu.

Usuli

Chini ya Premier League kuna madaraja matatu ya EFL (English Football League, chombo kinachoyasimamia): Championship, League One na League Two. Kila moja lina timu 24, na kila timu inacheza mechi 46 za ligi. Chini yake ipo National League, yenye vilabu vingi vya wachezaji wa kudumu, halafu National League North na South, ambako wengi wana kazi nyingine mchana na hufanya mazoezi Jumanne na Alhamisi jioni. Vijana wa kwetu wamepita humu. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar aliyeichezea Taifa Stars, alivaa jezi za Mansfield Town, Grimsby Town na Solihull Moors. Haji Mnoga, naye wa Taifa Stars, alikulia Portsmouth na baadaye akawa mchezaji wa Salford City.

Katika League Two fedha zinazoruhusiwa kutumika kwa wachezaji zimefungwa kwenye mapato ya klabu. Agosti 2020 vilabu vilijaribu hata kuweka kikomo cha pauni milioni 1.5 kwa kila klabu ya daraja hilo. Chama cha wachezaji, PFA, kilipinga, na Februari 2021 jopo la usuluhishi likakiondoa kikomo hicho. Lakini hata bila kikomo, mazoea ni yale yale: mikataba mifupi, mshahara wa msingi mdogo, na posho kwa anayecheza. Klabu hailaumiki sana kwa hilo. Mchezaji mmoja anayelipwa msimu mzima akiwa jukwaani huko chini ni mzigo mkubwa.

Beki aliingia akademi ya klabu yake akiwa na miaka 16, akasoma huku akicheza kwa miaka miwili. Alipotimiza 18 alipewa mkataba wa kwanza wa mwaka mmoja na kupelekwa kwa mkopo National League North. Ndiko alikojifunza kukabana na mawinga wenye miaka 32 wasiokimbia sana ila wanaojua pa kuweka kiwiko. Akiwa na miaka 20 alisaini miaka miwili kwa pauni 500 kwa wiki, klabu ikiwa na haki ya kuongeza mwaka wa tatu. Iliutumia mwaka huo. Kwa hiyo mkataba wake ulikuwa unaisha Juni 30, akiwa na miaka 23, na msimu uliotangulia alikuwa ameanza mechi 38 za ligi.

Ofa mbili za mwezi Mei

Kanuni za EFL zinaipa klabu hadi Jumamosi ya tatu ya Mei kumwandikia mchezaji anayemaliza mkataba na kumwambia kama anabaki au anaachwa. Kwa mchezaji aliye chini ya miaka 24, barua hiyo ina uzito wa ziada. Klabu ikimpa masharti yasiyo duni kuliko aliyonayo na yeye akakataa, klabu itakayomchukua italazimika kulipa fidia. Vilabu visipoelewana, kiasi hupangwa na kamati ya fidia.

Klabu moja ya League One ilikuwa inamtaka Beki. Ilipojua kwamba ofa imeandikwa kwa wakati na fidia itadaiwa, ikajiondoa. Haikuwa tayari kusaini mtu bila kujua kamati itataja kiasi gani. Tangu siku hiyo Beki hakuwa na klabu nyingine ya kuitumia kama fimbo mezani, na upande wa pili ulilijua hilo.

Ofa ya kwanza ya klabu yake ilikuwa hivi: miaka miwili, pauni 700 kwa wiki, na posho ya pauni 50 kwa kila mechi anayoanza. Wakala alirudi na pendekezo jingine, na klabu ikalikubali siku hiyo hiyo: mwaka mmoja, pauni 750 kwa wiki, posho ya pauni 150 kwa mechi anayoanza, na kipengele kwamba akianza mechi 30 za ligi mkataba unajirefusha mwaka mmoja kwa masharti yale yale.

Beki alichagua la pili. Sababu zake zilikuwa na mantiki. Alikuwa ametoka kuanza mechi 38, kwa hiyo 30 zilionekana ziko karibu. Msimu mmoja mzuri ungemfikisha miaka 24 na zaidi, ambapo fidia ile haipo tena na League One ingeweza kumchukua bure. Na kocha alimwambia kwa mdomo wake kwamba namba mbili ni yake.

Machi na Aprili

Kocha yule aliondolewa mwezi Januari. Mrithi wake alibadili mfumo akacheza na mabeki watatu, na winga mmoja akarudishwa nyuma kulinda upande wa kulia. Beki bado alianza mechi nyingi, maana alikuwa anaweza kucheza pia katika ile safu ya watatu. Kufikia wiki ya kwanza ya Machi alikuwa ameanza mechi 28 za ligi.

Ya 29 haikuja. Wiki iliyofuata aliwekwa benchi, na tangu hapo alikuwa anaingia kipindi cha pili, dakika 20 hapa, dakika 30 pale. Mara tano aliingia hivyo. Mechi ya kombe aliyoanza nayo haikuhesabika, kwa sababu kipengele kilisema mechi za ligi. Hakuna aliyemwambia kwamba ni ile namba 30 inayomweka nje, na huenda kweli ilikuwa ni mfumo tu. Mkataba haukumtaka kocha atoe sababu.

Katikati ya Aprili aliingia dakika ya 63. Aliruka kuwania mpira wa kichwa karibu na mstari wa pembeni, akasukumwa kidogo hewani, akatua kwa mguu wa kushoto peke yake. Goti likaingia ndani huku unyayo ukiwa umekwama nyasini. Hakuguswa tena. Kipimo cha MRI kilionyesha ACL, ile kano inayopita katikati ya goti, imekatika, na gegedu moja ya goti imepasuka.

Upasuaji ulifanyika wiki tatu baadaye. Kuchelewa huko kulikuwa kwa makusudi: daktari hutaka kwanza uvimbe upungue, goti linyooke lote na misuli ya mbele ya paja iweze kukaza, vinginevyo goti hubaki gumu baada ya kisu. Kano mpya ilitengenezwa kwa kano za misuli ya nyuma ya paja lake, na gegedu ikashonwa. Kushona gegedu ni afadhali kuliko kuikata kwa mtu wa miaka 24, ila kunamweka mgonjwa kwenye magongo kwa muda mrefu zaidi.

Akiwa bado na magongo ikamfikia barua ya Mei. Hakuwa miongoni mwa wanaobaki.

Maamuzi baada ya kuachwa

Hapa ndipo wachezaji wengi hupotea, na Beki naye alikaribia. Aliamini kwamba Juni 30 ikipita klabu haina tena wajibu wowote kwake. Mchezaji mwenzake, ambaye ndiye mjumbe wa PFA ndani ya kikosi, alimwambia asikubali jambo lolote kabla ya kupiga simu chama.

Mkataba wa kawaida wa EFL unatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni mshahara: mchezaji aliyeumia kazini hulipwa mshahara wa msingi wote kwa miezi 18 ya kwanza, na baada ya hapo si chini ya nusu, lakini malipo hayo hayavuki mwisho wa mkataba. Cha pili ni matibabu: gharama za tiba ambayo haja yake ilitokea mkataba ukiwa hai zinaendelea kuwa za klabu hadi tiba ikamilike au miezi 18 ipite tangu mkataba kuisha, lolote litakalotangulia. Kwa Beki, ile miezi 18 ya mshahara ilikuwa na maana ya wiki kumi na moja tu. Ile ya matibabu ilikuwa hai yote.

Kuna kitu cha tatu, kidogo. Mchezaji aliyeachwa bila ofa hulipwa mshahara wa msingi wa mwezi mmoja zaidi, au hadi apate klabu mpya kama ni mapema kuliko hapo. Beki alipata pauni 3,250, na Agosti ikaanza bila kipato.

Kwa msaada wa PFA alifanya mambo manne kabla ya Juni 30:

1. Aliandika barua pepe kwa daktari wa timu na katibu wa klabu akitaja tarehe ya kuumia, mechi, matokeo ya MRI na tarehe ya upasuaji, akaomba wathibitishe kwa maandishi.
2. Alichukua nakala za picha za MRI na taarifa ya daktari mpasuaji, yenye maelezo ya kano iliyotumika na jinsi gegedu ilivyoshonwa. Mtaalamu wa viungo mwingine yeyote angehitaji karatasi hiyo ili ajue goti likunjwe kiasi gani na lini.
3. Aliomba mpango wa mazoezi ya tiba ulioandikwa, wenye hatua na vipimo, si tarehe peke yake.
4. Aliuliza tiba itafanyika wapi na nani atalipa endapo ratiba ya timu itabana.

Swali la nne ndilo lililomsaidia zaidi. Hadi Agosti alikuwa anakwenda uwanja wa mazoezi wa klabu mara tatu kwa wiki. Ligi ilipoanza, mtaalamu wa viungo mmoja aliyekuwapo alikuwa na kikosi kizima cha kushughulikia, na Beki akawa anapewa saa ya mwisho, au hapewi kabisa. Kwa kuwa suala lilikuwa limeshaandikwa, klabu ilikubali kulipia vipindi viwili kwa wiki katika kliniki ya nje. Yeye alirudi nyumbani kwa wazazi, akapata kazi ya kusaidia vipindi vya michezo katika shule ya msingi.

Oktoba, mwezi wa tano tangu upasuaji, klabu ya National League ilimpigia. Beki wake wa kulia alikuwa amevunjika kifundo. Ofa: pauni 600 kwa wiki hadi mwisho wa msimu, aanze mazoezi na timu baada ya wiki sita. Kwa mtu asiye na mshahara tangu Julai, hiyo si ofa ya kupuuza.

Aliikataa kwa sababu mbili. Kwanza, alipimwa nguvu ya misuli ya mbele ya paja kwenye mashine, na mguu uliopasuliwa ulitoa asilimia 71 ya mguu mzima. Kigezo kinachotumiwa na wengi kabla ya kurudi kwenye mpira wa kugongana ni angalau asilimia 90, na kutorudi kabla ya miezi 9. Kano iliyopandikizwa hupita kipindi ambacho mwili unaijenga upya na kwa muda huo huwa dhaifu, hata kama mchezaji anakimbia bila maumivu. Pili, aliomba kipengele cha kuumia kabla ya kutoa jibu. Mkataba ule haukuwa wa EFL. Akiumia, baada ya wiki chache malipo yangeshuka hadi yale ya ugonjwa yanayowekwa na sheria ya nchi. Tuelewe ukubwa wake: katika mwaka wa fedha 2024–25 kiwango hicho kilikuwa pauni 116.75 kwa wiki, kwa muda usiozidi wiki 28.

Matokeo

Mwishoni mwa Februari, miezi tisa na nusu baada ya upasuaji, mguu ulifika asilimia 92, na katika kipimo cha kuruka mara tatu kwa mguu mmoja ulifika asilimia 95. Alijiunga na klabu ya National League North bila mkataba rasmi, kwa pauni 200 kwa wiki. Mpango wa aina hiyo unamruhusu mchezaji kuondoka haraka. Klabu nyingine ikimtaka inatoa taarifa ya siku saba kisha inazungumza naye. Alicheza mechi 9, mbili za mwanzo kwa dakika 45 tu.

Kiangazi alisaini National League kwa mwaka mmoja, kisha mwingine. Safari hii aliomba mshahara wa msingi wa pauni 650 na posho ndogo ya pauni 30, na akaandikiwa kwamba akiumia analipwa msingi wote kwa wiki 26 kabla ya kushuka. Goti lilishika. Hakurudi EFL.

Akiwa na miaka 27 aliamua kuufanya mpira kazi ya pembeni na kusoma fiziotherapia chuo kikuu, sehemu ya ada ikilipwa na PFA. Njia hiyo wameipita wachezaji wengi, hasa kupitia Chuo Kikuu cha Salford. Masomo aliyoyamaliza akademini ndiyo yaliyompa sifa za kuingia.

Uchambuzi: hesabu ya zile ofa mbili

Tuziweke kando kwa kando. Katika mkataba aliousaini alipata 750 mara wiki 52, yaani pauni 39,000, posho za mechi 28 pauni 4,200, na mwezi wa kuachwa pauni 3,250. Jumla 46,450. Katika ofa aliyoiacha, mwaka wa kwanza ungempa pauni 36,400 na posho 1,400. Mwaka wa pili, akiwa majeruhi, angelipwa msingi wote, pauni 36,400, kwa kuwa miezi 18 isingekuwa imeisha kabla ya Juni. Jumla 74,200. Tofauti ni pauni 27,750.

Haki itendeke: kama angefikisha mechi 30, mkataba aliouchagua ungempa miaka miwili yenye pauni 82,500, dhidi ya 74,300 za ile ofa nyingine, bila kuhesabu posho za mwaka wa pili. Kwa hiyo aliweka hatarini karibu pauni 28,000 ili apate 8,200. Hesabu hii ilikuwa inawezekana kufanywa mezani mwezi Mei, kwa kalamu na karatasi, na haikufanywa. Mazungumzo yote yalihusu kiasi cha kila wiki.

Kosa la ndani zaidi lilikuwa kuhamishia pesa kwenye posho. Malipo ya majeruhi yanafuata mshahara wa msingi peke yake. Posho ya pauni 150 hufa siku ile goti linapochanika, na hufa pia siku kocha anapobadili mfumo. Kwa mchezaji wa daraja hili, pauni 40 kwenye msingi zina thamani kuliko 100 kwenye posho.

Uchambuzi: kipengele cha mechi 30

Kipengele cha aina hii humpa mtu mmoja, anayepanga kikosi, uwezo wa kuamua kama mkataba unaendelea. Hata kocha mwadilifu huambiwa na mkurugenzi kwamba mchezo mmoja zaidi wa fulani una gharama ya karibu pauni 40,000. Beki alikuwa na nafasi mbili za kujikinga. Ya kwanza ilikuwa Mei, kwenye maneno yenyewe. Ya pili ilikuwa Januari, kocha alipoondoka: alikuwa ameshaanza zaidi ya mechi 20, anacheza vizuri, na bado ana afya. Wakati huo klabu ingeweza kukubali mwaka mmoja zaidi kwa msingi mdogo kidogo ili kuufuta ule mtego. Wakala hakuomba, na Beki hakumtuma aombe. Ahadi ya kocha ya namba mbili iliondoka na kocha. Kisichoandikwa kwenye mkataba uliosajiliwa EFL hakina pa kushikiwa.

Kama mchezaji analazimika kukubali kipengele cha idadi ya mechi, maneno yake yaandikwe kwa kufuata mambo haya. Zihesabiwe mechi za mashindano yote, si ligi tu. Kuingia kutoka benchi kuhesabiwe pia, walau kwa dakika 30 au zaidi. Idadi iwekwe karibu nusu ya msimu, 22 hadi 24, ili ifikiwe kabla msimu haujaingia miezi ambayo klabu inapanga bajeti ya mwaka ujao. Na liwepo sharti kwamba mechi anazokosa kwa sababu ya kuumia akiwa kazini zinahesabiwa kama amezianza, ikiwa alikuwa ameanza mechi tatu kati ya nne zilizotangulia. Klabu italipinga hili la mwisho kuliko yote, na ni afadhali kuwaachia posho nzima ili libaki.

Uchambuzi: kilichomwokoa

Karatasi za Juni zilimpa tiba ambayo asingeweza kuilipia, na kukataa ofa ya Oktoba kukampa miaka ya kucheza aliyobakiza. Angerudi Desemba, mwezi wa saba, akiwa na mguu wa asilimia 71 au 80, kwenye viwanja vilivyolowa, hatari ya kukata kano upya ingekuwa kubwa mno, na safari hiyo angekuwa kwenye mkataba usiomlinda. Wapo waliomwona mwoga. Vipimo vilikuwa upande wake.

Jambo moja lilibaki bila kufanywa. Klabu ya zamani ilikuwa na wajibu wa tiba hadi Desemba ya mwaka uliofuata, na Beki aliacha kwenda kliniki Machi alipoanza kucheza. Kiangazi goti lilivimba mara mbili baada ya mazoezi makali, akalipia kipimo mwenyewe. Kwa kuwa tatizo lilitokana na jeraha lile lile na tiba ilikuwa haijafungwa rasmi, alipaswa kumwandikia katibu wa klabu kwanza kabla ya kutoa pesa mfukoni.